Karatasi za Sinia

Bi Zuhura alikuja Jumamosi moja mvua zilipokuwa zimeisha, ameshika kwapani vipande viwili vya katoni vilivyofungwa kwa uzi wa kushonea. Zamani alikuwa akiita jina la mke wangu kutoka kwenye mfereji, kabla hata hajafika mlangoni, na akiingia viatu vimeshavuliwa. Safari hii alisimama nje akasema, "Shemeji, upo?" na akangoja mpaka nikainuka. Alikaa kwenye kiti chake kile kile cha karibu na dirisha. Akaitazama meza, na mashine iliyo juu ya meza, imefunikwa leso ya marehemu mke wangu. Nikampa chai ya rangi kwa sababu sikuwa na maziwa. Akainywa nusu, akaweka kikombe chini, akaanza kufungua uzi. Katikati ya zile katoni kulikuwa na karatasi ya sinia. Nilikuwa sijaona karatasi ya sinia tangu mke wangu aache kukata, na niliamini kwamba hakuna hata moja iliyobaki.

Kwa yule ambaye hakukulia upande wetu wa jiji, nieleze. Kwenye harusi za Waislamu wa Majengo, halua na visheti huletwa mbele ya wageni kwenye masinia, na katika zile nyumba zinazojali mambo, chini ya halua hutandikwa karatasi nyeupe ya duara, iliyokatwa nakshi ukingo mzima, hivi kwamba ukingo huo hutokeza nje ya chakula kama ukosi wa nguo. Kwa miaka mingi aliyekata karatasi hizo alikuwa mke wangu, Mama Oduor, ingawa yeye alikuwa Mkristo na nyumba yetu iko Shauri Moyo, si Majengo. Alichukua karatasi nyembamba, ile ambayo ukiiinua dirishani unaona kivuli cha kidole chako upande wa pili, akaikunja na kuikunja tena mpaka ikafanana na kipande cha chapati, kisha akaikata kwa makasi madogo ya kucha na nusu ya wembe aliyoizungushia plasta upande mmoja. Hakuchora kwa penseli. Kabla ya kukata alimkalisha bibi harusi kwenye kiti kile cha dirishani, akamuuliza maswali yasiyohusu harusi: analala upande gani, anapenda maua gani, mama yake alimwimbia nini. Akishaondoka, alikata. Akikunjua, kulikuwa na asumini, mikadi, majani ya mkoma, vitu vilivyoshikana kwa vijiti vyembamba kama uzi, na hakuna bibi harusi aliyepata za mwenzake. Harusi ikiisha, karatasi zilikuwa zimelowa mafuta ya halua. Zilikunjwa pamoja na makombo, zikatupwa. Niliwahi kumuuliza kwa nini haweki hata moja. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini haweki maji aliyonawia mikono.

Wazee wengi wakikaa kuandika huchagua mwaka mmoja wa ujana wao. Ujana wangu niliupitishia mbele ya gilotini, nikikata marimu ya karatasi katika kiwanda cha uchapaji kule Indasti, na sina mengi ya kusimulia juu yake. Mwaka ulionionyesha mimi ni mtu wa namna gani ulinikuta nimeshastaafu, kichwa kizima ni mvi. Ni mwaka ule tuliochagua mashine ya kukata karatasi za Mama Oduor. Nimezoea kusema tulichagua. Nilichagua mimi, nikachagua vibaya, na sababu nazijua.

Mwaka huo ulianza kwa chai kumwagika. Nyumba yetu ni chumba kimoja cha zile nyumba za zamani za serikali ya jiji, pazia likitenga kitanda na sehemu ya kukaa, na meza ya kukatia karatasi ikiwa chini ya dirisha, kwa hiyo kila kitu cha nyumba hii hutokea mbele ya macho ya kila mtu. Mke wangu alikuwa ananipa kikombe, mkono wa kulia ukaanza kucheza, chai ikaenda kwenye kitambaa cha meza. Tulicheka. Nilimwambia amezeeka. Wiki chache baadaye kikombe kikaanguka chenyewe, na baada ya hapo akaanza kujaza vikombe nusu, akidai sukari imekuwa ghali na watu wajifunze kunywa kidogo. Nilikuwa wa mwisho kuona. Bi Zuhura ndiye aliyempeleka hospitali, na daktari akawaambia kwamba ni maradhi ya mishipa ya fahamu, kwamba dawa zitapunguza kasi yake lakini hazitarudisha kitu, kwamba kutakuwa na siku nzuri na siku mbaya, na siku mbaya zitazidi kuongezeka. Mke wangu aliporudi alipika ugali na omena kama kawaida. Aliniambia habari yote akiwa ananigeuzia mgongo, akikoroga.

Jambo ninalotaka lieleweke ni kwamba nilisikia alichotaka. Hakuna atakayeweza kunitetea kwamba sikuambiwa. Ilikuwa mchana, tumekwisha kula, mimi nimejinyoosha kitandani nyuma ya pazia, na Bi Zuhura alikuwa amekuja na habari. Binti wa nduguye alikuwa amemwonyesha kwenye simu mashine zinazokata karatasi zenyewe, za kuweka nyumbani, si kubwa kuliko cherehani. Zipo za aina nyingi, Bi Zuhura alisema. Ipo ya kuzungusha kwa mkono, unaweka umbo la chuma, unabana. Mke wangu akasema mkono wa kuzungusha ndio huo huo unaomkataa. Zipo za umeme zinazotoa michoro kwenye simu. Na ipo moja yenye jicho ndani: unailazia karatasi uliyoikata mwenyewe, inaipitia, inaitazama, halafu inakata nyingine kama hiyo, na ukitaka inaihifadhi milele. Nilisikia makasi yakiwekwa mezani.

"Nataka ile inayoona," mke wangu akasema. "Mkono bado una siku zake nzuri. Siku nzuri mimi nakata, yenyewe inatazama, inaweka. Nikifika pale siwezi tena, itakuwa inajua."

"Na ikishajua kila kitu chako, mimi nitamsengenya nani, tena na nani?" Bi Zuhura akasema. "Mashine hainywi chai, Mama Oduor."

"Utakunywa zote mbili, yako na yake."

Wakacheka, kisha Bi Zuhura akasema kwa sauti ya chini kwamba shemeji yake, yaani mimi, ni mtu wa mashine, nitajua ya kuchagua. Nililala pale nikiangalia dari na nikafurahi kusikia hivyo. Leo nikikumbuka furaha hiyo ndiyo inayonitia aibu kuliko mengine. Yale maneno ya mke wangu niliyapokea kama mazungumzo ya wanawake wanaozungumza juu ya kitu wasichokijua. Mashine inayoona. Nilijiambia kwamba wameshangazwa na simu.

Kiwandani tulikuwa na namna yetu ya kupima mashine ya kukata. Hatukuuliza rangi wala ilikotoka. Tuliuliza inakata unene gani. Msimamizi wangu wa kwanza aliniwekea rundo la karatasi, akaniambia niligonge pande zote mpaka lilingane, nilisukume chini ya kisu, nibonyeze kwa mikono miwili, na kisu kiliposhuka na kupita kama kinapita kwenye siagi akasema hiyo ndiyo mashine, zingine ni za kukatia sukuma wiki. Niliishi na swali hilo moja maisha yangu yote ya kazi. Wenzangu watatu wa zamu yetu walipoteza vidole. Mimi nilistaafu navyo vyote kumi, na nilikuwa nikiwaonyesha watu mikono yangu kama cheti. Kwa hiyo tulipoamka kwenda mjini kuchagua, nilikwenda na swali langu tayari, na sikuona kwamba nahitaji jingine.

Tulitembea polepole kwa sababu yeye alitaka kutembea. Ilikuwa moja ya siku nzuri. Alikuwa amevaa sweta lake la kanisani, na kwenye mkoba ameweka karatasi moja ya sinia aliyoikata asubuhi, imelazwa ndani ya kitabu cha nyimbo isikunjike. Duka lilikuwa ghorofani, ndani ya jengo lililojaa vibanda vya vioo vya kuuza simu, na muuzaji alikuwa msichana aitwaye Faith, kucha ndefu za rangi ya zambarau, mchangamfu, mwenye heshima ya haraka haraka ya watu wa biashara. Alimpa mke wangu kiti. Mimi aliniita mzee wangu. Juu ya kaunta alikuwa na mashine mbili: moja ya kijivu, nyembamba, yenye kioo kidogo kwa juu, na nyingine nyeupe, pana, iliyokaa imara kama sanduku la fundi.

Alianza na ya kijivu kwa sababu mke wangu ndiye aliyeuliza. Mke wangu alitoa karatasi kutoka kwenye kitabu cha nyimbo, Faith akaishika kwa ncha za kucha akasema kwa mshangao, "Mathe, hii umecut na mkono? Wacha." Akaitandaza juu ya mkeka wa plastiki wenye gundi hafifu, akaifunika na plastiki nyingine ili isinyofoke, mashine ikaivuta ndani, ikairudisha. Juu ya kile kioo yakatokea yale maua, mistari myeusi, kijiti kwa kijiti. Kisha Faith akaweka karatasi tupu ya namna ile ile, nyembamba, kisu kidogo kama ncha ya sindano kikaanza kutembea. Mke wangu alisogea mbele mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kifuniko. Ilipotoka, Faith akabandua taka zilizo kati ya petali, na hapo juu ya kaunta kukawa na karatasi mbili, na ya pili haikukatwa na mtu. Mke wangu alilaza kiganja juu yake. Mkono ulikuwa umetulia kabisa. Niliishi naye miaka ya kutosha kujua kwamba alikuwa ameshachagua.

Mimi nikauliza swali langu. Faith akasema ya kijivu ni ya kazi laini, karatasi na vitambaa, nguvu yake si nyingi. Na hii nyeupe? Hapo uso wake ukabadilika, akatoa kipande cha ngozi, unene wa mkanda wa saa, akakiweka. Mashine nyeupe ikakikata nyota. Akaweka kibao chembamba cha mbao, ikapita mara kadhaa, ikakata. Nilisikia ile sauti ya kisu kikiingia kwenye kitu kinachokataa, na mwili wangu wote ukaitambua. Nikauliza michoro inatoka wapi. Kwenye simu, mzee wangu, kuna maelfu, kila aina. Mke wangu akauliza kama hii nayo inaona. Faith akasema hii haina hiyo ya kuona, lakini kwa nguvu inaishinda mbali ile nyingine.

Nilimgeukia mke wangu nikamweleza, mbele ya yule msichana, kwa sauti ya mtu anayefundisha. Nilimwambia kwamba mashine dhaifu huchoka, kwamba ukinunua yenye nguvu inaweza kazi ndogo na kubwa, lakini ndogo haiwezi kubwa. Nilisema habari ya jicho ni mapambo ya kuuzia. Nilisema maelfu ya michoro. Pesa zilikuwa zake, za karatasi zake, alizoziweka mwenyewe, na alikuwa amezileta kwenye kitambaa. Alinitazama kidogo, kisha akaichukua karatasi yake, na ile ya pili pia, akazirudisha kwenye kitabu cha nyimbo.

"Wewe ndiye mtu wa mashine, Baba Oduor," akasema.

Nilibeba sanduku begani mpaka Shauri Moyo, na njiani mafundi wa kule karibu na Gikomba waliniuliza nimenunua nini. Niliwajibu kwa fahari.

Ile michoro maelfu ilikuwa ya nchi nyingine. Tulikaa mezani, yeye na Bi Zuhura na mimi na simu, tukifungua kurasa. Kulikuwa na maboga yenye meno. Kulikuwa na kulungu wenye pua za duara, soksi zilizotundikwa, watu wa theluji wamevaa kofia. Bi Zuhura alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya buibui, akauliza bibi harusi wa Majengo atasema nini akiletewa halua juu ya boga linalomtolea meno. Mke wangu alicheka naye. Walipopata maua, yalikuwa maua ya watu wasiojua asumini, petali tano zilizonenepa. Nilikata moja kwenye manila ngumu ili waone nguvu yake. Ilikata safi. Mke wangu aliligeuza lile ua la manila mkononi, akaniuliza karatasi yake ya kuonwa inawekwa wapi. Nikamjibu kwamba nitatafuta, kwamba mashine kama hii haiwezi kukosa njia. Nilikuwa nimeshasoma kijitabu chote cha maelekezo ya mashine, na njia hiyo haikuwamo.

Yaliyofuata sikuyafanya kwa ubaya, na sidhani hilo linasaidia. Alisema tuirudishe, akaisema mara moja tu, kwa upole, akipepeta mchele. Nikaenda mjini. Nilifika mpaka chini ya ngazi za lile jengo, nikasimama nikiwatazama watu wakipanda, na nikajiona nikimwambia yule msichana wa kucha za zambarau kwamba mke wangu alikuwa sawa na mimi sikuwa. Nikarudi. Nyumbani nikasema duka lilikuwa limefungwa. Wiki nyingine nikasema hawaipokei tena mashine mkeka wake ukishafunguliwa. Kisha nikasema nangoja mtandao utengemae, kisha nikanyamaza, naye akaacha kuuliza. Wakati huo wote siku nzuri zilikuwa zikija. Nilizijua kwa sauti: makasi ya kucha yana mlio wake mdogo, kama mdudu anayekula jani, na nilikuwa nikiusikia nikiwa nje naota jua. Alikata za harusi moja, akakata za nyingine, zikaenda zikalowa mafuta zikatupwa, na mashine ikakaa pembeni mwa meza ikimpunguzia nafasi ya kuweka viwiko. Hakuna aliyetazama. Siku nzuri zikawa za kila wiki, zikawa za mara moja moja. Zile karatasi mbili za dukani alizitandika kwenye masinia ya harusi iliyofuata, yake na ya mashine, na wageni wakala juu ya zote mbili bila kujua.

Mwaka ulipokuwa unaelekea kwisha nilimpigia Faith simu. Sijui kwa nini siku hiyo. Nilijitambulisha, nikazunguka zunguka, mwishoni nikauliza kama kuna namna yoyote ya kuipa mashine nyeupe kitu kilichokatwa kwa mkono. Akasema, "Mzee wangu, kwani hukujua? Unapiga picha tu na simu, unaitumia, inafuata mistari. Si kama ile ya jicho, lakini inajaribu." Alinielekeza kwa muda usiotosha kuchemsha chai. Nilikaa na simu mkononi. Ningeuliza swali hilo nikiwa chini ya zile ngazi, ningekuwa na jibu siku ile ile.

Nilimwambia mke wangu. Hakunikumbusha kitu. Aliniomba nimsogezee meza karibu na mwanga, akakunja karatasi, na kukunja peke yake kulimchukua asubuhi nzima. Nilitaka kumshikia akakataa. Halafu akakata. Niliangalia makasi yakitafuta ukingo, yakipita, yakirudi, yakikosa, na ile sauti ya mdudu haikuwapo, ilikuwa sauti ya kitu chenye kigugumizi. Alipokunjua, zilikuwa asumini, kwa sababu kichwa chake kilikuwa nazo bado, lakini kila petali ilikuwa na meno meno, kila kijiti kimejikunja kama nywele iliyoungua. Akaniambia nipige picha. Nilisema tungoje siku nzuri. Akasema nipige.

Nikapiga. Nikaitandaza manila kwenye mkeka, nikaweka, kisu kikashuka. Mashine ile haikosei. Ilifuata kila mtetemo, kila kuruka, kila pale mkono ulipoteleza na kurudi, ikaukata kwa uhakika na kwa nguvu, kana kwamba ni nakshi iliyokusudiwa, na ingeweza kuurudia mara mia bila kupunguza hata jino moja. Mke wangu aliishika ile manila kwa mikono miwili, ikicheza, akaitazama muda mrefu.

"Sasa imeniona," akasema.

Akaiweka mezani, akaenda kujilaza nyuma ya pazia. Hakukata tena. Alikaa nasi mpaka msimu wa baridi wa mwaka uliofuata, akilishwa uji kwa kijiko, na Bi Zuhura alikuja karibu kila siku, akamsimulia habari za harusi ambazo masinia yake siku hizi hutandikwa karatasi za dukani za kununua kwa pakiti. Tulipomzika, mimi ndiye niliyefunika mashine.

Hiyo ndiyo meza aliyoitazama Bi Zuhura Jumamosi ile. Karatasi aliyoileta ilikuwa imebaki kwenye harusi moja ya zamani, sinia moja lilipungua, naye akaiweka kwenye sanduku lake chini ya kanga akaisahau. Ilikuwa kazi ya mkono ule wa zamani. Asumini na mikadi, ukingo mzima, vijiti kama uzi. Mjukuu wake Salma anaolewa, alisema, na alikuwa akijiuliza kama ile mashine ingeweza kumkatia nyingine kama hii, za masinia yote, ili na bibi yake wa Shauri Moyo awepo. Ndivyo alivyosema, bibi yake wa Shauri Moyo. Nikamwambia aniachie hiyo karatasi kwa wiki moja.

Nilifanya kazi ile kama sijawahi kufanya kazi. Sikuilaza kwenye gundi, ningeirarua. Niliipiga picha juu ya kitambaa cheusi, mara nyingi, mpaka mistari ikatoka sawa. Nikanunua karatasi nyembamba ile ile. Kisu kiliigusa tu ikakunjamana na kuchanika, na nilipopunguza nguvu mpaka mwisho ikachanika taratibu. Ilikuwa imeundwa kwa kukata vitu vinavyokataa, na karatasi ile haikatai chochote. Nikajaribu manila. Petali zilitoka, lakini vijiti vilikatika nilipokuwa nabandua, ukingo ukaachana vipande vipande. Nikajaribu kila kitu nilichokuwa nacho. Mwishowe, kwa hasira, nikachukua kipande cha ngozi laini nilichopewa na fundi wa mikoba, nikakiweka. Mashine ikaimba. Ikatoka nzima, duara kamili, asumini zote, mikadi yote, kila kijiti kimeshika. Ilikuwa nzuri sana. Ilikuwa ngozi ya kahawia yenye harufu ya viatu.

Bi Zuhura alipokuja nilimpa hiyo. Sikuwa na nyingine ya kumpa. Alipitisha vidole ukingoni, akaijua, nikaona ameijua. Kisha akainusa.

"Shemeji," akasema, "hii ni ya bibi harusi au ya fundi viatu?"

Akacheka, nami nikacheka, na yeye ndiye aliyeanza kulia, akijifuta kwa buibui vile vile kama siku ya yale maboga. Nilimwambia yote, kwamba nilikuwa macho nyuma ya pazia siku ile, kwamba nilisikia neno inayoona. Akaniambia anajua. Mama Oduor alimwambia kitambo kwamba kitanda hakikulia, na kitanda kile hulia mtu akilala usingizi. Kwa hiyo mke wangu alikwenda mjini akijua kwamba nimesikia. Alisimama dukani akanitazama nikichagua, akijua. Sikuwa na swali la kuuliza baada ya hapo. Bi Zuhura akafunga ile karatasi ya zamani katikati ya katoni zake, akaiacha ya ngozi mezani, akasema nisikose harusi.

Nilikwenda. Wanaume tulikaa kwenye mikeka chini ya hema, karibu na mlango wa uani. Masinia yalipotoka niliyaangalia yakipita, yote yametandikwa karatasi za pakiti, duara na matundu yaliyolingana. Lililowekwa mbele yangu lilikuwa na ile karatasi ya zamani ya mke wangu. Bi Zuhura alikuwa amesimama mlangoni, ametazama upande wangu, kisha akarudi ndani. Nilidhani ataiweka tena sandukuni. Nilidhani kitu kilichobaki kimoja huwekwa. Halua ilikuwa katikati, nyekundu, bado ina joto, na mafuta yalikuwa yameshaanza kutembea kwenda ukingoni. Pale yalipofika, karatasi iliacha kuwa nyeupe ikawa kama kioo, na ua moja baada ya jingine likaonekana wazi juu ya bati la sinia, kisha likapotea. Mikono ya watu ikaingia. Jirani yangu akaniuliza mbona sili, mzee. Nikachota, nikala. Ilikuwa halua nzuri, yenye iliki nyingi, kama mke wangu alivyoipenda. Msichana alipokuja kukusanya, aliikunja karatasi pamoja na makombo kwa mkono mmoja, kama wanavyofanya, akasita aliponiona naitazama.

"Babu, umemaliza?"

Nikamwambia nimemaliza.